Maswali ya Wasomaji: Vipuri Vilivyochakaa vya Baiskeli ya Milimani

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu baiskeli za milimani ambazo zimetumika vya kutosha hadi zikaanza kudai vipuri vipya. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa yeyote mwenye baiskeli ya aina hiyo, iwe ina rimu za inchi 26, 27.5 au 29, na nimeanza na swali la cheni kwa sababu uchakavu wake usipopimwa mapema huhamia kwenye kila kitu kinachogusana nayo.

SWALI: Ndugu Fundi, nilibadilisha cheni ya baiskeli yangu yenye gia 11 za nyuma baada ya ile ya zamani kuanza kupiga kelele. Cheni mpya inaruka kila ninapokanyaga kwa nguvu kupanda mlima, ilhali ile ya zamani haikuwahi kuruka. Je, nimeuziwa cheni mbovu?

JIBU: Yaelekea cheni yako ni nzima kabisa, na kilichokwisha ni kaseti, yaani fungu la gia za gurudumu la nyuma. Cheni iliyotumika sana hurefuka, lakini si kwa sababu chuma chake kimevutika. Kila pini husuguana na tundu la mabamba ya ndani linaloizunguka, na vumbi na mchanga vikipenya hapo katikati, pini na tundu hupoteza chuma kidogo kidogo. Ulegevu wa pini moja hauonekani kwa macho. Cheni, hata hivyo, ina viungo zaidi ya mia moja, na ulegevu wa kila kiungo ukijumlishwa na wa kile kinachofuata, ndipo urefu mzima unapoongezeka.

Katika cheni mpya, iwe ya gia 8 au ya gia 12, umbali wa kutoka pini moja hadi ya pili ni milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 24 zinafikia milimita 304.8. Nyoosha cheni ikiwa imekazwa, weka alama ya sifuri ya rula ya chuma katikati ya pini moja, kisha usome mahali ilipo pini ya 25. Ikiwa imefika milimita 306.3, cheni imerefuka kwa asilimia 0.5, na kwa baiskeli za gia 11 na 12 huo ndio wakati wa kuibadilisha. Kwa gia 10 na pungufu unaweza kusubiri hadi asilimia 0.75, yaani milimita 307.1 hivi. Ikifika asilimia 1, karibu kila mara kaseti nayo huwa imeharibika. Tofauti ya cheni ya kufaa na ya kutupa ni milimita moja na nusu tu katika urefu huo wote, ndiyo maana siamini kwamba kuna anayeweza kuihukumu cheni kwa kuitazama. Kipimo maalumu cha cheni, ambacho ni kibao chembamba cha chuma chenye ncha mbili, humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, na katika vifaa vyote vya matengenezo ndicho ningekushauri ununue kwanza.

Sasa turudi kwenye kuruka. Cheni iliyorefuka haikai tena mahali pake kwenye meno ya kaseti. Hupanda juu zaidi ya jino na kulila kutokea huko, mpaka meno nayo yakafuata nafasi mpya za cheni. Viwili hivyo huchakaa pamoja na kuendelea kuelewana, ndiyo sababu cheni yako ya zamani haikuruka hata siku moja. Cheni mpya ina nafasi sahihi lakini meno hayana, hivyo rola (vile vipande vya mviringo vya cheni vinavyokaa kati ya meno) moja au mbili ndizo zinazobeba nguvu yote ya mguu wako, na mzigo ukizidi zinapanda mgongo wa jino na kuruka. Tazama gia unazozitumia zaidi na utaona kwamba meno yake yamechongoka na kuinamia upande mmoja, wakati yale ya gia usizozigusa bado yana umbo lake la asili. Katika kaseti nyingi gia ndogo hufunguka moja moja, lakini zile kubwa huunganishwa kwa ribiti au huchongwa kutoka kipande kimoja cha chuma, kwa hiyo mara nyingi utalazimika kubadilisha kaseti nzima.

Ikiwa kwa sasa huwezi kununua kaseti, rudisha cheni ya zamani na uvitumie vyote viwili hadi mwisho wake. Si jambo la kuonea haya, kwa kuwa kaseti hiyo haiokoleki tena. Weka cheni mpya pembeni kwa ajili ya kaseti mpya, epuka kusimama juu ya pedali kwa nguvu zote, na ujue kwamba katika muda huo unaendelea kuila sproketi ya mbele, ile gia iliyo kwenye pedali. Sproketi hiyo nayo ikaguliwe. Baiskeli nyingi za milimani za siku hizi zina moja tu, ambayo meno yake hupishana, nene na jembamba, ili cheni isichomoke. Meno manene yakishaliwa, cheni huanza kudondoka kwenye njia ya mawe hata kama springi ya kibadili gia bado ni imara.

Utakapofunga cheni mpya, linganisha urefu kwa kuhesabu viungo, wala usizilaze mbili sambamba na kukata zinapolingana, kwa sababu ile ya zamani imeshakuwa ndefu kuliko inavyostahili. Kiungo cha kufungia cha cheni za gia 11 na 12 watengenezaji wengi huagiza kitumike mara moja tu, basi ukifungua cheni weka kingine. Baada ya hapo, umri wa cheni utategemea zaidi usafi kuliko mafuta. Dondosha tone moja kwenye kila rola, zungusha pedali kinyumenyume, acha mafuta yapenye, kisha ufute kwa kitambaa kikavu yote yaliyobaki nje. Mafuta yanayoachwa nje ya cheni hayalainishi chochote. Hunasa mchanga, na mchanganyiko huo hufanya kazi ya msasa kwenye kila jino linalopita.

SWALI: Breki zangu ni za diski na zinatumia mafuta. Juzi nilipulizia cheni mafuta ya kopo, na tangu siku hiyo breki ya nyuma inapiga kelele kali na haishiki. Nimesugua pedi kwa msasa lakini hali ni ileile. Pia ningependa kujua nitatambuaje kwamba pedi zimekwisha.

JIBU: Mafuta yameingia kwenye pedi, na kwa bahati mbaya pedi za resini zina vinyweleo vinavyoyanyonya hadi ndani. Msasa huondoa tabaka la juu tu. Pedi ikipata moto wakati wa kushuka, mafuta yaliyojificha hupanda tena juu. Wapo wanaozichoma pedi kwa moto wa gesi, na mimi siungi mkono jambo hilo, kwa sababu joto kali linaweza kuiachanisha resini na bamba lake la chuma, na breki ndicho kipuri cha mwisho ambacho mtu anapaswa kukifanyia majaribio. Nunua pedi mpya. Kabla ya kuzifunga, isafishe diski kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa ambacho hakijawahi kugusa mafuta, la sivyo diski itazichafua pedi mpya siku ya kwanza. Tangu sasa, cheni ipakwe mafuta ya kudondosha, si ya kupulizia.

Kuhusu uchakavu, usiikadirie pedi kwa jinsi breki inavyohisika mkononi. Katika breki za mafuta, kadiri pedi inavyokwisha ndivyo pistoni zinavyosogea nje na kuziba pengo zenyewe, kwa hiyo mkono wa breki unaweza kubaki mzuri hadi siku chuma kinapogusa chuma. Lazima uitoe pedi na kuipima. Watengenezaji wa breki Shimano wameweka kikomo cha milimita 0.5 za resini au madini yanayosugua. Wenzao SRAM hupima unene wote, bamba likiwemo, na huagiza pedi itolewe unapopungua chini ya milimita 3. Kwa maoni yangu, mtu anayekwenda kwenye mteremko mrefu asiondoke akiwa na chini ya milimita 1, kwa sababu siku moja ya mvua na tope inaweza kuimaliza pedi ya resini ambayo asubuhi ilionekana bado inafaa. Pedi za madini hudumu zaidi kwenye tope na huvumilia joto, ingawa huhitaji kupata moto kidogo kabla ya kushika vizuri, na ziko diski zilizoandikwa kwamba ni za pedi za resini pekee. Soma maandishi hayo kabla ya kununua.

Diski nayo huliwa. Diski nyingi za Shimano huanza na unene wa milimita 1.8 na zinapaswa kutolewa zikifika 1.5, kikomo hicho kwa kawaida huwa kimechongwa kwenye diski yenyewe. Pima katikati ya eneo linalosuguliwa, kwa mikromita ikiwezekana, kwa maana ukingo wa nje ambao pedi haiugusi hubaki mnene, na kipimo chenye taya bapa kitakaa juu ya ukingo huo na kukupa jibu la uongo.

Wakati wa kuweka pedi mpya, zitoe za zamani, safisha pande za pistoni, halafu uzirudishe pedi za zamani na kusukuma pistoni ndani kwa kabari ya plastiki, ukizifanya hizo pedi kuukuu zikinge pistoni zisikwaruzwe. Pistoni zikikataa kurudi, huenda mtu aliongeza mafuta kwenye tangi la mkono wakati pedi zilikuwa zimekwisha, na sasa hayana pa kwenda, lazima yapunguzwe. Pedi mpya nazo hazishiki vizuri mpaka zimeacha tabaka jembamba la resini au madini yake kwenye diski. Tafuta mahali tambarare, ongeza mwendo wa wastani, bana breki mpaka ukaribie kusimama bila kufunga gurudumu, kisha urudie mara 20 hivi, na baada ya hapo mara 10 kwa mwendo mkubwa zaidi. Anayeruka hatua hii ndiye anayelalamika baadaye kwamba pedi mpya ni mbaya kuliko za zamani.

Neno moja la tahadhari kwa yeyote anayetaka kubadilisha mafuta ya breki. Kuna breki zinazotumia mafuta ya madini, zikiwemo za Shimano na Magura, na kuna zinazotumia mafuta ya DOT, kama yale ya breki za magari. Sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje) za aina moja huharibiwa na mafuta ya aina nyingine, na uharibifu huo hautengenezeki kwa kuyamwaga na kuyasuuza. Usiyachague kwa kutazama jina la kampuni peke yake, kwani SRAM, ambao kwa miaka mingi breki zao nyingi zilitumia DOT, wana pia breki za mafuta ya madini; aina inayotakiwa imeandikwa kwenye breki yenyewe au kwenye kitabu chake. Mafuta ya DOT hunyonya unyevu wa hewani, kiwango chake cha kuchemka kikashuka, kwa hiyo yabadilishwe kwa ratiba hata kama breki bado inashika.

SWALI: Nimejaribu kuifungua pedali ya kushoto mpaka spana ikaanza kupinda. Nifanye nini?

JIBU: Acha kwanza, kwa sababu huenda unaikaza. Pedali ya kushoto ina hesi za kinyume na hufunguliwa kwa kuzungusha spana upande wa saa. Ya kulia hufunguliwa kwa njia ya kawaida. Ikiwa bado ni ngumu, tia mafuta ya kupenya kutu pande zote mbili za mkono wa pedali na uyaache usiku kucha. Utakapoirudisha, paka grisi kwenye hesi, anza kuizungusha kwa vidole, na ikikataa kwa vidole usiilazimishe kwa spana, maana mkono wa alumini utapoteza hesi zake mara moja.

SWALI: Kitabu cha foku yangu (uma wa mbele wenye shoki) ya RockShox kinasema miguu ya chini ifanyiwe huduma kila baada ya saa 50 za kuendesha. Foku haivuji mafuta na inashuka na kupanda vizuri. Je, hii si njia tu ya kuuza sili?

JIBU: Naelewa shaka yako, kwa sababu saa 50 ni muda mfupi kwa mtu anayeendesha kila wiki, na kampuni nyingine hutoa muda mrefu zaidi, Fox, kwa mfano, huagiza saa 125 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Lakini agizo lenyewe lina sababu. Ndani ya miguu ya chini kuna mafuta machache sana, mililita chache tu, na kazi yake si kupunguza mtikisiko bali ni kulainisha bushi ambazo mirija inayong'aa huteleza ndani yake na kulowesha pete za sponji zilizo chini ya sili. Mafuta hayo huchafuka na kupungua bila wewe kuona tone nje. Sponji zikikauka, vumbi lililopita kwenye sili hubaki hapo likisugua mirija.

Mirija hiyo ya alumini ina tabaka gumu sana lakini jembamba, na likishaliwa hadi chuma cheupe kikaonekana, hakuna rangi wala msasa utakaolirudisha. Isitoshe, katika foku nyingi mirija imebanwa kiwandani pamoja na taji linaloiunganisha juu na nguzo ya usukani, kwa hiyo hununui mrija mmoja. Unanunua sehemu yote ya juu, ambayo ni nusu ya foku. Ukiweka gharama hiyo kando ya mafuta machache na pete mbili za sponji, utaona kwa nini nakusihi uheshimu ratiba. Kama unaendesha kwenye njia kavu na zisizo na tope, kuchelewa kidogo hakutakuumiza. Kama unapita kwenye tope na maji, usichelewe. Kila baada ya safari futa mirija na midomo ya sili kwa kitambaa laini, na kamwe usielekeze bomba la maji yenye nguvu hapo.

Kuna pia kipimo cha bushi. Bana breki ya mbele, weka kidole mahali mrija unapoingia kwenye sili, kisha usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo chini ya kidole, bushi zimechakaa, nazo zinahitaji zana maalumu na fundi anayezijua. Ukiusikia mchezo juu, kwenye beringi za usukani, tatizo ni dogo zaidi na pengine litaisha kwa kukaza tu. Ukiamua kuifungua foku mwenyewe, toa upepo wote kabla ya kugusa bolti yoyote.

SWALI: Baiskeli yangu ina shoki ya nyuma, na sasa inalia kila ninapokanyaga. Nimebadilisha beringi za krenki (mhimili wa mikono ya pedali) lakini kelele haijakwisha. Nianzie wapi?

JIBU: Umeanza na kipuri kabla ya kujua ugonjwa, na kwenye fremu ya alumini au kaboni hilo hugharimu sana, kwa kuwa sauti husafiri kwenye mirija na kusikika mbali na ilikotoka. Tenganisha sababu moja moja. Panda ukiwa umesimama. Ikinyamaza, shuku kiti na nguzo yake. Kaa bila kukanyaga na uidundishe fremu. Ikilia, shuku viungo vya shoki. Ikilia kwa mguu mmoja tu, angalia pedali ya upande huo. Mara nyingi dawa ni kufungua, kusafisha, kupaka grisi na kukaza kwa nguvu iliyoandikwa.

Ikiwa ni beringi za viungo vya fremu, usishangae zikichakaa kabla ya za magurudumu. Beringi ya gurudumu huzunguka mzunguko mzima, hivyo mzigo na grisi husambaa. Ya kiungo cha fremu hutikisika nyuzi chache tu kwenda na kurudi, na gololi zilezile hupiga mahali palepale mpaka pakatoboka vishimo vidogo. Ondoa shoki, kisha uinue sehemu ya nyuma ya fremu kwa mkono. Ikikwama au kugugumia, beringi zimekwisha. Namba iliyoandikwa kwenye sili hukupa ukubwa wake: 6902, kwa mfano, ina kipenyo cha ndani cha milimita 15, cha nje 28, na unene wa 7. Unapoiingiza mpya kwenye fremu, bana ukingo wake wa nje pekee, kwa sababu ukisukuma ule wa ndani, nguvu hupita kwenye gololi na kuiharibu beringi kabla haijafanya kazi hata siku moja.

SWALI: Matairi yangu hayana tyubu. Nibadilishe lini dawa ya kuziba matundu, na nikinunua tairi moja jipya nilifunge wapi?

JIBU: Dawa hiyo nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira na hukauka ndani ya miezi 2 hadi 6, mapema zaidi mahali penye joto. Tikisa gurudumu; usiposikia kimiminika kikicheza, ongeza. Tairi jipya lifungwe mbele daima. Tairi la nyuma likiteleza kwa kawaida unabaki juu ya baiskeli, la mbele likiteleza unaanguka. Kwa hiyo hamisha la mbele kwenda nyuma, ambako uchakavu ni wa haraka zaidi, na utupe lolote ambalo nyuzi zake zimeanza kuonekana ubavuni, hata kama vifundo vyake bado ni virefu.

SWALI: Nilianguka na usukani wangu wa alumini ukagonga jiwe. Haujapinda, ila una mkwaruzo mrefu karibu na mahali unapobanwa. Je, niendelee kuutumia?

JIBU: Hapana. Alumini haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake inaweza kuvumilia mitikisiko bila kikomo. Kila mtikisiko huongeza uchovu wake, na mkwaruzo wenye kina ndipo ufa unapoanzia, hasa karibu na pale unapobanwa, ambapo mzigo ni mkubwa kuliko mahali pengine. Usukani wa kaboni uliogongwa hivyo nao nisingeuamini, kwa sababu tabaka zake zinaweza kuachana ndani huku rangi ya nje ikiwa safi. Ukifunga mpya, kaza bolti nne za kishikio chake kwa kupishana pembe kwa pembe, mapengo ya juu na chini yakiwa sawa isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine, kwa spana inayopima nguvu ya kukaza na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kishikio, ambacho mara nyingi huwa nyutoni-mita 5 hivi. Kabla ya kuutupa ule wa zamani, ukate vipande viwili ili asije mtu mwingine akauokota na kuufunga kwenye baiskeli yake.